Njia ya Ng'ombe

Mimi ni mmoja wa wale vijana wanaotembea na kaunta buku kwapani kama karani wa mnadani. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017, matokeo yakaja kama yalivyokuja, na tangu hapo mchana nauza vocha na kuchaji simu za watu pale Kibaoni, Ifakara, na usiku naandika riwaya. Riwaya yenyewe ina sura tatu. Imekuwa na sura tatu kwa miaka miwili sasa.

Sura ya kwanza ina mama mjane mwenye shamba la mpunga. Sura ya pili ina mfugaji mwenye fimbo na macho mekundu, ambaye usiku wa manane anaswaga ng'ombe 500 kuwaingiza katika shamba la mjane yule huku akicheka. Sura ya tatu mjane analia. Hapo ndipo nilipokwama, maana mtu akishalia sikujua afanye nini tena.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa mshikaji mmoja tuliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Jina lake silitaji kwa sababu hajaniruhusu. Nitamwita Mwenzangu, na ndivyo alivyo. Ni Msukuma, mtoto wa mfugaji. Usiniulize kwa nini nilimpa yeye sura zile. Pengine nilisahau baba yake anafanya kazi gani, pengine sikusahau.

Alisoma akiwa amekaa juu ya kreti la soda mbele ya kibanda changu. Alisoma polepole, anafunua karatasi kama mtu anayehesabu fedha za wenyewe. Alipomaliza akafunga kaunta buku na kusema:

"Mwandiko wako mzuri."

Nikangoja. Wewe unayeandika unajua kungoja kule kulivyo.

"Huyu mfugaji wako," akaendelea, "ana ng'ombe mia tano, na hakuna hata mmoja mwenye rangi."

Nikamwambia hiyo ni fasihi, bwana, si sensa ya mifugo. Hakucheka. Aliniuliza nina miaka mingapi hapa bondeni. Nikamjibu 25, nimezaliwa hapa na mama yangu kazaliwa hapa. Akaniuliza: katika miaka yote hiyo umeshawahi kuingia katika nyumba ya mfugaji, ukaketi? Sikuwahi. Nimezunguka Morogoro mjini, nimefika Dar es Salaam mara mbili, lakini nyumba ya mfugaji, ambayo kwa bodaboda ni mwendo wa asubuhi moja, sikuwahi.

"Jumamosi funga kibanda," alisema. "Tutakwenda kwa miguu."

Kwa ninyi wa mijini mnaoijua Ifakara kwa mchele wake tu, hebu niwapangie ramani. Bonde la Kilombero limelala kati ya safu mbili za milima. Upande wa kaskazini magharibi iko Udzungwa, imesimama kama ukuta wa nyumba uliosahauliwa kuezekwa. Upande wa kusini mashariki ni milima ya Mahenge. Katikati ni tambarare ya nyasi, na mto unaopita humo hauna adabu: kiangazi ni mto, masika ni ziwa. Mwaka 2002 bonde hili, karibu hekta 797,000, liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka kwetu, kwa hiyo siku hizi, msomaji wa Dar es Salaam, ukiwasha taa usome ukurasa huu, kuna tone la Kilombero limepita katika mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ili wewe usisome gizani. Hatudai shukrani. Nakujulisha tu.

Ilikuwa mwezi wa tisa. Bodaboda ilitubeba hadi Namawala, tukashuka, vumbi likatangulia kushuka. Mwenzangu alikuwa na fimbo, chupa ya maji na kanda mbili miguuni. Mimi nilivaa raba mpya, maana nilijua mwandishi akienda safari huvaa raba. Kabla ya saa nne zilikuwa zimenitoa malengelenge mawili, na tangu hapo nilizibeba mkononi.

Mwanzoni tulipita kando ya shamba la misaji ya mtu. Tangu kampuni ya misaji ianze kupanda huku miaka ya 1990, kila mwenye ekari ya akiba anaota misaji kama wenzake wa mjini wanavyoota viwanja. Ni miti ya heshima, imepangwa mistari kama wanafunzi asubuhi, lakini kiangazi hupukutisha majani yote. Tulitembea juani katikati ya miti mia kadhaa bila kupata kivuli cha kumtosha kuku. Majani yake makubwa makavu yanalia chini ya mguu kama karatasi za mtihani.

Baada ya misaji tukaingia katika miombo ya kwetu. Hapa, ndugu zangu, nitakawia kidogo. Mwezi wa tisa, kabla tone la mvua halijaanguka, miombo huanza kutoa majani mapya, na majani hayo si ya kijani. Ni mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya mvinyo. Mti unajuaje kwamba mvua iko njiani wakati mbingu yenyewe ni nyeupe kama sufuria? Katikati yake palisimama mininga, imebeba matunda yake ya duara yenye manyoya ya miiba katikati, kama mayai ya kukaanga yaliyoota ndevu. Mwenzangu akanionyesha mninga mmoja uliochanjwa na panga. Utomvu ulikuwa umetiririka na kugandia juu ya gome, mwekundu, mzito. Nimelalia kitanda cha mninga maisha yangu yote na sikujua kwamba mti huu ukikatwa unatoka damu.

Hatua chache mbele, visiki. Kisha visiki zaidi, na duara jeusi la tanuri la mkaa, bado linanuka moshi. Mwenzangu hakusema kitu. Mimi ndiye niliyeanza kueleza, bila kuulizwa, kwamba mjomba wangu naye huchoma mkaa, na kwamba watu wana shida.

"Mimi sijamtaja mjomba wako," akasema.

Pale Kibaoni kila mtu ana jibu moja kuhusu bonde kuharibika: ng'ombe. Mto ukipungua ni ng'ombe, samaki wakiadimika ni ng'ombe. Babu yangu, Mndamba wa mtumbwi na nyavu, aliniambia kwamba enzi zake hapa palikuwa nchi ya mbung'o, ng'ombe walikuwa wachache, na sheshe walikuwa wengi kiasi kwamba mtu alivuka nyasi akisikia miluzi yao kila upande. Sheshe ni swala wa rangi ya dhahabu anayependa mahali pa majimaji, na bonde hili ndilo lililokuwa na kundi lao kubwa kuliko yote Afrika. Mimi sijawahi kumwona hata mmoja. Mfugaji ana kesi ya kujibu, sibishi. Lakini siku ile, kutoka Namawala hadi ukingo wa tambarare, nilihesabu visiki, matanuri, na mashamba mapya ya mpunga yaliyolimwa kwa trekta ndani kabisa ya nyasi, na mpunga huo ni wetu sisi. Ng'ombe wana pembe na wanapiga kelele, ndiyo maana tunawaona wao kwanza.

Tulipotoka mitini, bonde likafunguka. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, mabua yamekauka rangi ya mkeka, na katikati ya kila shamba limesimama dungu. Kwa asiyejua, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye ngazi ya fito na paa la nyasi. Mkulima huhamia humo tangu mpunga unapochanua hadi mavuno, akilinda ndege mchana na nguruwe usiku. Nimelala sana madunguni. Mama alikuwa na debe bovu na kipande cha nondo, na kazi yangu ilikuwa kupiga debe lile nikiamshwa.

Nikamwonyesha Mwenzangu dungu moja lililofanana na letu. Na kwa kuwa tulikuwa tunatembea, na mtu anayetembea hatazamwi usoni, nikamsimulia kilichotokea mwaka 2011.

Mama alikuwa amelima ekari mbili kwa fedha za mkopo. Tulitegemea gunia 25. Zilibaki siku chache kuvuna, mpunga umeinamisha vichwa. Usiku ule mama alikuwa na homa, akalala nyumbani, na mimi nikabaki dunguni na ndugu yangu mkubwa. Tukalala. Kilichoniamsha ni sauti ya kutafuna. Si kelele za fujo, la hasha. Ilikuwa sauti ya utulivu, ya vinywa vingi, kama mvua ndogo juu ya nyasi. Nilipofungua macho niliona migongo. Mbalamwezi ilikuwa imewaka na shamba zima lilikuwa migongo. Nilipiga debe mpaka nondo ikanichubua kiganja, na wale ng'ombe walininyanyulia vichwa, wakanitazama, wakaendelea kula. Mwenye ng'ombe hatukumjua mpaka leo. Tulipata gunia nne. Mkopo ulilipwa kwa baiskeli, kwa mbuzi, na kwa ndugu yangu kuacha shule.

Mwenzangu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Mlisikia kengele?"

Nikafikiri. Hapana, hapakuwa na kengele.

"Basi zilitolewa," akasema, na hakuongeza neno kwa muda mrefu.

Njia ya ng'ombe si njia moja. Ni njia tano sita zinazokwenda sambamba, kila moja upana wa kwato mbili, zimechimbika kama mifereji. Ukiingia katika mmoja huwezi kutembea na mwenzako ubavuni, unamfuata au anakufuata. Tulizifuata njia hizo kwa saa nzima, jua la utosi, hadi tukaona moshi na kundi la mikuyu.

Hapo ndipo palipokuwa na nyumba za baba yake mdogo. Nimesema nyumba. Katika sura yangu ya pili nilikuwa nimeandika "pango la mfugaji", Mungu anisamehe. Vilikuwa vibanda vinne vya miti na udongo, paa la nyasi limeshuka chini hata ukiingia unainama kama unayesalimia mkwe. Zizi la magogo na miiba lilikuwa kubwa kuliko nyumba zote kwa pamoja, na lilikuwa katikati, mahali ambapo sisi tungeweka sebule. Juu ya paa moja palikuwa na sola ndogo, na waya wake unaingia ndani kwenye redio. Ndani palikuwa giza la baridi, harufu ya moshi na ngozi. Kitanda cha fito. Kisabo cha maziwa kinaning'inia ukutani. Sikuona sime ukutani wala fuvu mlangoni, na nakiri nilikuwa nimeyatafuta yote mawili.

"Mwadila," Mwenzangu alisalimia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia darasani.

Mimi nikasema, "Shikamoo baba." Mzee akaitikia marahaba na kunipa kigoda. Mama mmoja akatuletea maziwa mgando katika bakuli la plastiki, na michembe iliyopikwa. Nilikula. Nilikuwa na njaa na yalikuwa matamu, sina cha kuficha.

Mzee alinieleza safari yake bila kuulizwa, kama watu wanavyoeleza mbele ya mtu mwenye daftari. Alizaliwa Bariadi. Malisho yalipokwisha walihamia Usangu, Mbarali. Mwaka 2006 mifugo iliondolewa Usangu ili kuunusuru mto Ruaha Mkuu, wakaondoka. Wengine walikwenda Lindi, yeye akaja Kilombero. Mwezi wa kumi mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo katika bonde letu, wilaya za Kilombero na Ulanga, wakaondoka tena. Alirudi baadaye na ng'ombe 14. Alipokuja Kilombero alikuwa na 230. Mahesabu hayo aliyasema kwa Kiswahili, polepole, ili niandike vizuri.

Kisha akaniuliza wazazi wangu wanalima wapi. Nikamjibu: ni mama tu, na nikataja mahali. Mwenzangu akamwambia jambo kwa Kisukuma, jambo refu. Nilisikia neno moja nililolielewa: debe.

Mzee alinyamaza. Alichukua kijiti, akachora chini, akafuta kwa mguu. Halafu akaniuliza, "Mlitegemea gunia ngapi?"

"Ishirini na tano, baba."

"Mkapata?"

"Nne."

"Ng'ombe hajipeleki shambani usiku," alisema. "Nyuma yake kuna mtu. Ama amelala, ama hajalala." Akanyosha mkono kwa yule mama, bakuli langu likachukuliwa, likarudi limejaa. Mazungumzo yale yaliishia hapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana kwake, na kwa hasira yangu baada ya kukana kwake. Sura yote ya nne ilikuwa imekaa tayari kichwani. Sasa nilikuwa na maziwa tu.

Tulipoaga, tulipita vibanda vingine vitatu mbele ya vile, ila hivyo havikuwa na watu. Nyasi za paa zimeanguka ndani. Katika zizi samadi imekauka na kupasuka vigae, na juu yake yameota mabungo ya kutosha kujaza kapu... Samahani, si mabungo, ilikuwa mitunguja. Mwenzangu alinisahihisha na ameniomba niandike kwamba alinisahihisha. Alisema mbolea ya mwaka mmoja ya zizi lile ingemlimia mama yangu ekari mbili kwa miaka mitatu, na hakuna mkulima aliyekuja kuichukua, wala mfugaji aliyekwenda kuitoa. Nilitaka kubishana nikakosa pa kuanzia.

Mwisho wa safari yetu ulikuwa kigingi. Kiguzo cha zege, urefu wa kiuno, kimesimama peke yake katika nyasi. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya bonde ilipandishwa hadhi kutoka Pori Tengefu kuwa Pori la Akiba la Kilombero, na mtu haingii huko bila kibali, awe na ng'ombe, jembe au kaunta buku. Mwenzangu alisimama kabla ya kigingi kwa hatua mbili nzima, kama mtu anayesimama mbele ya mlango wenye mbwa.

Akanyosha fimbo. "Unauona mkwaju ule? Kushoto kwake, mwembamba?"

Niliuona. Ulikuwa mbali, umekaa juu ya kichuguu, kijani katikati ya ukavu.

"Nyumba yetu ilikuwa nyuma yake."

Tukaketi chini, mgongo kwenye zege, lilikuwa la moto. Nilijua kwamba nisipolisema pale sitalisema. Basi nikalisema.

Mwezi ule wa kumi mwaka 2012, malori yaliyobeba ng'ombe yalipita Kibaoni. Watoto tulipanga mstari barabarani kama siku ya Mwenge. Tulishangilia. Nilikuwa na miaka 12, na mpunga wa mama ulikuwa bado unanisikika masikioni ukitafunwa. Juu ya lori moja, katikati ya pembe, alikaa mtoto wa umri wangu, ameshika mwamba wa bodi. Nilikuwa natafuna muwa. Nikamlenga. Kipande kikampata shavuni, barabara nzima ikacheka, na mtu mzima mmoja, simtaji, akanipa shilingi 200. Nikanunua maandazi. Miaka miwili baadaye niliingia kidato cha kwanza, nikapangiwa dawati na Msukuma, na kila siku kwa miaka minne nilikaa nikijiuliza kama ni yeye.

Mwenzangu hakugeuka.

"Mimi sikupanda lori," alisema baada ya muda. "Mimi na mama tulitoka usiku kwa miguu na ndama saba. Tulipita huku huku tulikopita leo." Kisha: "Alivaa nini?"

"Sweta la shule. La kijani."

Akafikiri sana. "Simjui. Wengi walivaa masweta." Akakwangua zege kwa ukucha. "Muwa ulimpata kweli?"

"Ulimpata."

"Akalia?"

"Hakulia. Ulimwangukia mapajani. Akauokota, akautafuna, huku ananitazama mpaka lori likakata kona."

Mwenzangu akaanza kucheka. Mwanzoni nilidhani anakohoa. Alicheka mpaka akalala chali kwenye nyasi, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni. Alisema huyo ni mtoto wa mfugaji kweli, katika balaa lote lile kapewa muwa wa bure atautupa? Nami nikacheka, ila changu kilikuwa kicheko cha kumsindikiza. Alipomaliza kucheka machozi hayakumaliza, na nikatazama upande wa milima ya Mahenge kwa muda uliohitajika.

"Toa daftari," alisema.

Nikatoa. Akaanza kunitajia ng'ombe wa baba yake. Mwekundu mwenye paji jeupe, aliyekuwa anatangulia mtoni. Wa madoadoa kama kanga, pembe moja imeinamia jicho. Mtamba mweusi aliyekataa kunywa maji mpaka apigiwe mluzi. Fahali wa kijivu aliyeogopa pikipiki. Aliwataja bila kufikiri, kama sisi tunavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga, na mimi niliandika mpaka mkono ukauma. Tulifika 61, jua likawa limeegemea Udzungwa, na njia ilikuwa ndefu. Alisema waliobaki tutawamalizia kibandani.

Nilifika nyumbani saa tatu usiku, natembea kwa visigino. Mama alikuwa anapepeta mchele wa kesho chini ya taa. Alininusa kabla hajanisalimu.

"Umenuka moshi. Ulikuwa wapi?"

"Kwa wafugaji, mama. Huko chini."

Ungo ukasimama. "Wamekupa nini?"

"Maziwa."

Akatikisa ungo mara mbili, pumba zikaruka upande. "Uliwauliza gunia zangu?"

"Niliwaambia."

"Wakasema nini?"

"Mzee aliniongeza maziwa."

Mama hakujibu. Akainamia ungo, akatoa kokoto moja, akaitupa nje gizani.